Mbea wa Ukutani

Kuna watu wanasamehe upesi kwa sababu vichwa vyao havishiki kitu. Bi Pasi hakuwa wa namna hiyo. Tangu mwanawe wa mwisho yuko mgongoni, mpaka mwana huyo akaoa, akazaa, akaota upara, Bi Pasi alikuwa na neno lake na mtu mmoja tu duniani, Fundi Rangi. Na neno lenyewe ni hili: ulinichora ndani ya nyumba ya Mungu, ukaniweka juu watu wote wanione, ukanifanya mbea.

Wala usiseme labda hakuona vizuri. Uso ulikuwa wake. Paji pana, kidevu kama kisigino, kilemba kimefungwa fundo upande wa kushoto kama anavyofunga mpaka leo, na mdomo wazi. Huo mdomo ndio uliomuua kabisa! Mkono mmoja kiunoni, na kidole cha mkono wa pili kimemnyooshea mwanamke mwembamba aliyesimama karibu na pipa, kashika kikombe. Na huyo mwembamba ni nani? Mtakatifu Monika mwenyewe.

Habari za Monika kila mtu pale alizijua, maana ukuta mzima wa kulia ulikuwa wake. Zamani sana, dini ikiwa bado changa, mama huyo aliolewa na mwanamume mwenye hasira za karibu. Wajakazi wa nyumbani wakawa wanampelekea mama mkwe maneno, leo kafanya hivi, kesho kasema vile, mpaka mama mkwe akamchukia mkamwana wake. Monika akavumilia. Mama mkwe mwishowe akang'amua kwamba anajazwa uongo, na wajakazi wakachapwa viboko. Kisha Monika akaanza kumlilia mwanawe Agostino, kijana msomi aliyependa anasa kuliko sala. Akamlilia mpaka askofu mmoja akachoka, akamwambia nenda zako mama, mtoto wa machozi kama hayo hawezi kupotea. Na kweli hakupotea. Akabatizwa, akaja kuwa askofu mkubwa, na wasomi wanamtaja mpaka leo.

Sasa picha yenye uso wa Bi Pasi iko wapi? Ubavuni mwa picha ya mama mkwe. Basi, hukumu imetoka. Mjakazi mwenye mdomo wazi, karibu na mama mkwe, atakuwa nani kama si yule mpeleka maneno?

Ilianza hivi. Bi Pasi alikuwa dobi wa kanisa. Vitambaa vya altare, kanzu za padri, joho za kwaya, vyote vilipita mikononi mwake: sabuni, wanga, jua, halafu pasi ya mkaa. Kitambaa chake cha altare ukikishika pembe moja kinasimama chenyewe kama ubao. Padri wa wakati ule akamleta Fundi Rangi kutoka mbali achore ukuta. Kijana, mikono yake hodari, lakini koo lake lilikuwa mtaro. Alipewa chumba nyuma ya sakristia, na chumba kile kilinuka pombe mpaka nzi walikuwa wanayumba.

Siku moja Bi Pasi akaingia sakristia kuchukua vitambaa vyake, alivyokuwa amevipiga pasi jana yake kwa ajili ya sikukuu. Akavikuta chini. Fundi kavilalia, anakoroma, na kile kilichodariziwa msalaba kakifutia brashi.

Bi Pasi hakumwamsha kwa upole.

"Mlevi wewe! Amka! Mlevi mkubwa usiye na haya! Kwa mkono huo unaotetemeka ndio unataka kuchora watakatifu? Utawachora wote wana degedege! Mama yako alikuzaa au alikumimina?"

Watu wakaja mbio. Kwaya ikaacha kuimba. Wanawake waliokuwa wanafagia wakajaa mlangoni, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Fundi akainuka, macho mekundu, akamtazama Bi Pasi usoni muda mrefu. Akachukua brashi zake akaenda ukutani.

Tangu siku hiyo akachora nyuma ya turubai, mtu asione. Siku ya sikukuu turubai likashushwa, naye Fundi alishaondoka jana yake kwa lori kwenda kazi nyingine. Watu wakawa wanatembea na ukuta, picha baada ya picha, wanasema aa, wanasema oo. Wifi yake Bi Pasi ndiye aliyefika wa kwanza pale kwenye pipa. Wifi huyo, dada wa mumewe, ulimi wake haukuwa na likizo.

"Jamani!" akapiga makofi. "Njooni mwone! Si wifi yangu huyu? Na pipa lake la kufulia! Fundi kampatia! Ndiye yule mjakazi mbea!"

Kanisa zima likageuka. Kwanza wakautazama ukuta, halafu wakamtazama Bi Pasi na mtoto wake mgongoni, halafu ukuta tena. Kicheko kilichotoka pale hakikuwa cha kanisani. Na mama mkwe wake, ambaye kila jioni alikuwa anajazwa maneno na binti yake huyo huyo, akatikisa kichwa akasema, "Kumbe hata wageni wanakujua."

Bi Pasi akatoka nje. Akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka altareni: "Mguu wangu hautakanyaga tena humu ndani, mpaka yule aliyeniweka pale asimame mbele ya watu aseme kwa nini."

Watu wakasema ah, hasira hizo, zitapoa. Watu hawakumjua Bi Pasi. Pasi ndiyo inayopoa.

Misa alikuwa anaisikiliza dirishani, upande wa sakristia, amesimama. Jua likiwa kali anajifunika kitenge, mvua ikinyesha anashika mwavuli, na mwavuli ukivuja anamtazama Mungu kwa jicho la kumwambia unaona mambo yako. Komunyo alipewa mlango wa pembeni. Mapadri walibadilika, kila mpya akamrithi kama wanavyorithi paka wa parokia: huyu hapa, halii, hafukuzwi, na anakula mlangoni. Kufua hakuacha. Vitambaa alivipitisha dirishani vimekunjwa, na ole wake atakayevipokea na mikono michafu.

Mumewe alipofariki, jeneza likaingia ndani, naye akabaki dirishani. Wanawe walimsihi, wakamshika mikono. "Baba yenu ananijua," akasema. "Niliapa mbele yake." Aliimba nyimbo zote za mazishi kupitia nondo za dirisha, na wifi yake alikuwa ndani, amekaa benchi la mbele kabisa chini ya ile picha, analia kwa madoido.

Watoto wa mtaani walikua wakimwita Mbea wa Ukutani. Wakawa watu wazima, wakawafundisha na watoto wao.

Basi hivyo ndivyo ingekwenda mpaka kaburini, kama si mjukuu. Mjukuu huyu, binti wa yule mwana aliyekuwa mgongoni, alilelewa na Bi Pasi tangu mama yake alipofariki. Alilala kitanda chake, akala sufuriani mwake, akarithi na mdomo wake. Akapata mchumba, fundi umeme, kijana mtaratibu asiye na maneno, na ilikuwa heri, maana maneno yalishatosha nyumbani. Kila kitu kikaenda vizuri, mpaka shangazi wa mchumba alipokuja siku ya Jumapili kumwangalia bibi harusi mtarajiwa. Akamkuta bibi yake binti amesimama nje ya dirisha la kanisa.

Alipofika kwao akasema, "Bibi gani huyo asiyeweza kuvuka kizingiti cha kanisa? Hamjiulizi? Kuna watu ambao vitu vyao haviwaruhusu kuingia mahali patakatifu." Hakusema mchawi. Wajanja hawasemi. Wanaliacha neno likae mlangoni, lijiingize lenyewe.

Wazee wa upande ule wakatuma ujumbe: ndoa sawa, lakini tungependa kumwona bibi amekaa ndani pamoja na sisi sote siku hiyo.

Mjukuu hakulia. Alikuja akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, wakati Bi Pasi anapuliza mkaa wa pasi.

"Bibi, nimeamua. Usipoingia, na mimi siingii. Padri atatufungia ndoa pale pale dirishani. Mimi nitasimama nje na wewe, mume wangu ndani, pete itapita kwenye nondo."

"Usinifanyie mzaha."

"Na wewe usinifanye yatima mara ya pili. Nani atakaa mahali pa mama?"

Bi Pasi akaiweka pasi juu ya kitambaa, akaisahau. Kitambaa kikaanza kunuka moto, akainyanyua haraka. Hajawahi kuunguza kitambaa maisha yake, na siku ile nusura.

"Kiapo si soksi," akasema mwishowe, "eti nikivue kwa kuwa wageni wanakuja."

Lakini usiku haukuwa na usingizi tena. Akiingia, atakuwa amelala chini ya mguu wa wifi yake. Asipoingia, anamharibia ndoa mtoto aliyemlea. Mdomo wake ulishamtoa pengi, ila hapo ndio uliomwingiza.

Sasa sikiliza Mungu anavyojua kupanga, akitaka. Paa la kanisa lilikuwa limevuja, rangi za ukuta zikaanza kubambuka, na padri kijana aliyekuwepo akaulizia fundi wa kuzirudishia kabla ya harusi ya mjukuu huyo kufungwa mle. Akaambiwa yule aliyechora bado yu hai, mji wa pili. Akamwita.

Habari zilimfikia Bi Pasi akiwa anaanika. Akaangusha kibanio. Akajifuta mikono, akafunga kilemba upya, fundo kushoto, akaenda kanisani mwendo wa mtu anayekwenda kukamata mwizi.

Akasimama dirishani pake. Ndani, juu ya ngazi fupi, mzee mkavu mwenye mvi anapangusa ukuta kwa sifongo. Wanawake walikuwa wanapamba maua, na wifi akiwa msimamizi wao, amekaa, anaelekeza kwa fimbo. Padri alikuwa anavuta mabenchi mbali na ukuta.

"Wewe!" akaita Bi Pasi.

Mzee akageuka. Ngazi ikatikisika.

"Unaniona? Au nifungue mdomo kama ulivyonichora, ndiyo unijue?"

"Nakuona, mama," akasema Fundi. "Nilijua utakuja. Nimevaa shati ambalo likilowa si hasara."

Wifi akacheka. "Mkwangue huyo Mbea, Fundi, tupumzike! Kila nikikaa hapa ananinyooshea kidole."

"Ndiyo, unikwangue," akasema Bi Pasi, ameshika nondo kwa mikono miwili. "Lakini kwanza useme. Kwa nini mimi? Kwa nini uliniweka kwa mama mkwe nipeleke maneno, mimi ambaye sijawahi kumsema mtu pasipo yeye kuwepo? Nikikutukana nakutukana usoni, na ulikuwepo!"

Fundi akashuka ngazi taratibu. Akavua kofia.

"Mama, nani kakwambia hapo ni kwa mama mkwe?"

"Macho yangu! Na ya watu wote!"

"Picha hiyo haikuwa ya kukaa hapo. Ilikuwa ya kwanza kabisa, kule mlangoni. Ila ukuta wa mlangoni lipu yake ilikuwa mbichi, ilikuwa inatoa jasho, rangi haishiki. Padri ana haraka na sikukuu. Mahali pakavu palipobaki ni hapa tu, ubavuni mwa mama mkwe. Nikaichora hapa. Kule mlangoni nikapaka chokaa basi." Akamgeukia wifi. "Huyu mwembamba hajaolewa. Ni Monika mtoto, yuko kwa baba yake."

"Mbona mrefu?" akauliza wifi.

"Nilikuwa bado na ulevi wa jana."

Wanawake wakaguna kicheko. Bi Pasi hakucheka.

"Endelea."

"Wazazi wake walikuwa wakimtuma pipani kuteka divai ya mezani. Akaanza kuonja. Leo tone, kesho funda, mpaka akafika kikombe kizima, na hakuna anayejua ila mjakazi mmoja anayekwenda naye. Siku moja wakagombana, mjakazi akamwambia usoni: mlevi wewe! Hivyo hivyo. Neno likamchoma yule msichana, akaweka kikombe chini, na hakurudia tena maisha yake. Ndiye huyo mjakazi. Hakumpelekea mtu maneno. Alisema usoni, basi."

Wifi akamtazama padri, kama mtu anayetafuta shahidi wa upande wake.

"Padri, ni kweli hayo?"

"Ni kweli, yapo katika maisha yake," akasema padri. "Ila mimi nami niliona pipa la maji."

"Kila mtu aliona maji!" Wifi akapata nguvu. "Divai gani nyeupe?"

"Rangi nyekundu iliniishia kwenye joho la askofu, hilo pale," akasema Fundi. "Nikasema nitarudi kumalizia."

"Na ulirudi kumalizia?" akauliza Bi Pasi.

"Nilirudi, mama. Nilikuja mpaka kwako. Ulikuwa na beseni la wanga. Kabla sijasema shikamoo lilikuwa kichwani mwangu. Nilipofika kituo cha basi shati limekauka, siwezi kukunja mkono."

Hapo wanawake walishindwa, wakacheka mpaka maua yakaanguka. Bi Pasi alikumbuka. Alikuwa amejisifu kwa beseni lile miaka mingi.

"Ungesema ukiwa umelowa," akasema.

"Ningesema. Niliogopa beseni la pili."

Akanyanyua mkono wa kushoto, akauweka ukutani kando ya mkono wa Monika ulioshika kikombe. Kidole chake kidogo kilikuwa kimepinda, kilivunjika ngazini angali kijana. Na kidole kidogo cha Monika, pale ukutani, kilikuwa kimepinda vile vile. Watu walikuwa wamekaa chini ya mkono ule kila Jumapili, wanakodolea mdomo wa Bi Pasi.

"Huo mkono ni wangu," akasema. "Siku uliponiamsha juu ya vitambaa vyako, sikukasirika. Niliona haya. Padri alikuwa amenisimulia kisa cha huyu msichana wiki ile ile, nikawa sijapata uso wa mjakazi. Nikaupata. Tangu siku ile sijaonja, mama. Nimeoa, nimelea watoto, nyumba yangu haijui harufu hiyo. Kama ukitaka nikukwangue nitakukwangua. Lakini nilikuweka hapo nikushukuru."

Bi Pasi akaziachia nondo, na waliomjua wakaogopa. Ndani ya kifua chake kitu kilicholala kama jiwe la kinu miaka yote kikasogea kidogo, na pumzi ikapita mahali ambapo haikuwa ikipita.

"Sijakusamehe," akasema. "Mvua yote iliyoninyeshea hapa, nani atanikausha? Mume wangu nimemzika kupitia dirishani. Hayo sitayasahau, na wewe usiyasahau."

"Sitayasahau, mama."

"Usinikwangue. Weka divai. Nyekundu, ionekane hata na huyo," akamwonyesha wifi kwa kidevu. "Na siku ya harusi usimame mbele ya watu wote, useme yale uliyosema sasa. Sawasawa, usipunguze. Hata ile ya mlevi."

"Hasa hiyo," akasema Fundi.

Siku ya harusi kanisa lilijaa mpaka nje. Upande wa bwana harusi, shangazi mtu alikuwa amekaa shingo juu kama twiga, anangoja aone nani atabaki dirishani. Bi Pasi alisimama nje ya mlango mkubwa, mkono kwa mkono na mjukuu wake aliyevaa gauni ambalo yeye mwenyewe alilipiga pasi, lisilo na mkunjo hata mmoja.

Fundi Rangi akasimama mbele, kofia mkononi. Akasema yote. Lipu mbichi, divai, kikombe, ulevi wake, vitambaa vya altare, kidole kilichopinda. Akaonyesha ukutani, ambapo divai mpya ilikuwa inametameta ndani ya kikombe, nyekundu ya kutosha kuonekana na kipofu. "Huyu mama si mbea," akamaliza. "Asingenitukana, ningeshakufa."

Kanisa likapiga makofi. Shangazi wa bwana harusi naye akapiga, kwanza polepole, halafu kwa bidii, kama mtu aliyetangulia kujua.

Bi Pasi akatazama kizingiti. Akainua mguu wa kulia, akauweka ndani. Hakuna kilichotokea. Sakafu ilikuwa ya baridi na imara, nzuri kwa miguu. Mjukuu akambana mkono, akamnong'oneza, "Bibi, tembea basi, bwana harusi atazeeka."

Akampeleka mpaka mbele. Akamwacha kwa mumewe. Kisha akageukia benchi la mbele, chini ya ukuta, ambako wifi yake alikuwa ametandaza gauni akajaza nafasi ya watu watatu.

"Sogea," akasema Bi Pasi.

Wifi akasogea.

"Zaidi."

Wifi akasogea zaidi, mpaka ukingoni. Bi Pasi akakaa. Akainua macho, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akajitazama vizuri kwa karibu.

"Pua si yangu," akasema. "Ya kwangu ndogo."

"Ni yako hiyo, wifi," akasema wifi, kwa sauti ndogo ambayo haikuwahi kusikika kwake.

"Nyamaza, misa inaanza."

Na padri alipofika kwenye mahubiri, Bi Pasi aliegemeza mgongo wake benchini, akafumba macho, akasinzia kwa amani kama mtoto aliyeshiba. Mtu akisimama dirishani hawezi kusinzia. Alikuwa na usingizi wa miaka.